Ua la Usambara linapougua: soma dalili kwanza, kisha tafuta chanzo

"Namwagilia kila siku, lakini linazidi kulegea." Wengi wanaoniletea ua la Usambara lililo mahututi huanza hivyo, na mara nyingi jibu limo humohumo kwenye maneno yao.

Naliita ua la Usambara kwa sababu ndiko kwao. Wauza maua wengi wa Dar es Salaam, Arusha na Nairobi wanalijua kama African violet. Kwa wataalamu liliitwa Saintpaulia ionantha tangu 1893, na 2015 likahamishiwa kwenye jenasi ya Streptocarpus, kwa hiyo usishangae ukikuta kibandiko chenye jina hilo. La Saintpaulia limetokana na Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani huku Usambara, aliyelituma kwa baba yake Ujerumani. Baba akampa Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, naye ndiye aliyelieleza kitaalamu. Aina za dukani zenye maua meupe, ya waridi, ya zambarau na yenye kingo za mawimbi ni vizazi vya ua hilohilo la msituni.

Historia hii ina kazi katika utatuzi. Nililiona kwao mara ya kwanza katika msitu wa Amani, Usambara Mashariki, kwenye jiwe kubwa kando ya kijito. Jiwe lilikuwa limevaa kuvumwani, na ndani ya ufa ambao kidole changu kingeenea, mmea ulikuwa umeshika kwa kiganja kimoja tu cha majani yaliyooza. Juu, miti mirefu ilikuwa imefunga anga. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, na maji yalikuwa yakiteremka juu ya jiwe na kuondoka. Hayakukaa hata kidogo. Nilipogusa ule udongo mdogo ulikuwa na unyevu, lakini ungeubonyeza usingetoa tone.

Ndivyo mmea huu unavyotaka kuishi: unyevu usiotuama, hewa kwenye mizizi, mwanga bila jua kali, na udongo mchache. Karibu kila tatizo hapa chini lina chanzo katika kusahau lile jiwe.

Kabla ya kufanya lolote

Usimwagilie, usitie mbolea, usipulize dawa. Inua chungu kwa mkono mmoja upime uzito wake. Ingiza kidole kwenye udongo hadi kiungo cha kwanza. Geuza majani uangalie chini yake na kwenye maungio ya vikonyo. Angalia kitovu, yaani pale katikati majani machanga yanapochipukia. Tazama matundu ya chini ya chungu. Dakika mbili za kutazama hivi zimeokoa maua mengi kuliko dawa yoyote niliyowahi kununua.

Na ukiona mdudu au unga wowote, utenge mmea huo chumba kingine kabla hujajua ni nini. Kisha nawa mikono.

## Majani yamelegea, udongo umelowa

Hili ndilo linaloua zaidi, na ndilo linalodanganya zaidi, kwa sababu mmea uliozama hulegea sawasawa na mmea wenye kiu. Mwenye mmea anaona majani yameanguka, anaongeza maji, na anakuwa amemaliza kazi.

Chanzo cha kwanza ni kumwagilia kabla udongo haujaanza kukauka juu. Mizizi yake ni myembamba kama uzi na inapumua. Ikikaa kwenye maji siku kadhaa hukosa hewa, kisha vimelea vya kuoza, hasa Pythium na Phytophthora, hupata mlango.

Cha pili ni chungu. Vyungu vingi vya urembo havina tundu, au chungu chenye tundu kimetumbukizwa ndani ya kingine kinachoficha maji chini. Toa cha ndani uangalie. Nimekuta maji ya vidole viwili ndani ya vyungu ambavyo wenyewe waliapa havina maji.

Cha tatu ni udongo mzito. Udongo wa bustani, hata ule mweusi mzuri unaostawisha mchicha, hushikana ndani ya chungu kidogo na kuwa tope.

Cha nne ni chungu kikubwa mno. Udongo ambao mizizi haijaufikia hauna anayeunywa, kwa hiyo unabaki umelowa. Kipenyo cha chungu kiwe kama theluthi moja ya upana wa mmea: mmea wenye upana wa sentimita 30 unatosha kwenye chungu cha sentimita 10.

*Hatua ya kwanza.* Kama kitovu bado ni kigumu na kijani, mwaga maji yote ya kwenye sahani, weka mmea mahali penye hewa na kivuli, usimwagilie hadi juu pakauke. Ukiona nafuu ndani ya siku nne au tano, umewahi.

*Hatua ya pili, kama hakuna nafuu.* Pindua chungu juu ya gazeti, shika mmea kwa vidole viwili chini ya majani, gonga kitako. Mizizi mizima ni myeupe au ya rangi ya maziwa, na ukiivuta haikatiki. Iliyooza ni ya kahawia, ukiivuta ganda linavuliwa kama soksi na kubaki uzi mwembamba, na harufu yake ni ya maji ya mtaro. Ondoa yote iliyooza kwa mkasi safi. Ondoa pia safu mbili tatu za majani ya chini, kwa sababu mizizi iliyobaki haiwezi kuyalisha yote. Panda upya kwenye mchanganyiko mwepesi, nitakaoutaja chini, ndani ya chungu kidogo zaidi, kisha funika kwa mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, mbali na jua. Fungua kidogo kila siku. Baada ya wiki tatu hivi mizizi mipya huwa imeshika.

*Hatua ya tatu, kuoza kumefika shinani.* Hapa inabidi uwe na moyo. Chukua kisu kikali ulichokipangusa kwa spiriti, kata shina chini ya majani, utazame pale ulipokata. Ukiona duara la kahawia katikati, kata tena juu kidogo, kama unavyokata karoti vipande vyembamba. Pangusa kisu kila mara. Endelea hadi nyama yote iwe ya kijani kibichi bila doa. Ukipata nyama safi, kuna uhai: acha kidonda kikauke kwa saa chache, kisha panda kile kichwa kwenye kokopiti, yaani unga wa makumbi ya nazi, yenye unyevu hafifu chini ya plastiki. Ukifika kwenye kitovu na bado ni kahawia, mmea wenyewe umekwenda. Chagua majani mazima ya safu ya kati na uanze upya kwa majani, kama nitakavyoeleza mwishoni. Udongo ule utupe, usiutumie kwenye chungu kingine chochote.

## Majani yamelegea, udongo umekauka

Hapa ni kiu tu, na habari ni njema. Kama udongo umejitenga na ukingo wa chungu, maji ya juu yatapita pembeni na kutoka chini bila kuulowesha. Weka chungu kwenye bakuli lenye maji ya vuguvugu yanayofika nusu ya kimo chake, kwa dakika 20 hadi 30, kisha kitoe kichuruzike. Majani hunyanyuka ndani ya saa chache.

Kama unasafiri mara kwa mara, pitisha uzi wa nailoni au wa sufi bandia kwenye tundu la chini, ncha moja ndani ya udongo na nyingine kwenye kopo la maji lililoko chini. Uzi unanyonya kiasi kinachohitajika. Usitumie uzi wa pamba, unaoza. Njia hii inafaa kwa udongo mwepesi tu. Kwenye udongo mzito inarudisha tatizo la kwanza.

## Madoa, michirizi au pete kwenye majani

Pete na michirizi ya rangi ya manjano au nyeupe chafu, isiyokuwa na unga wala utelezi, ni alama ya maji baridi. Jani lina vinyweleo vinavyoshika tone. Maji yakiwa ya baridi kuliko jani, chembe za rangi ya kijani chini ya tone hufa. Doa hilo haliponi na haliambukizi. Acha maji yakae ndani ya nyumba usiku mzima kabla ya kumwagilia, na mwagilia kutoka chini au kwenye udongo, si juu ya majani. Maji ya bomba yenye klorini nayo hupoteza sehemu ya ukali wake yakikaa hivyo kwenye ndoo iliyo wazi.

Doa la kahawia, kavu kama karatasi, upande mmoja tu wa mmea ulioelekea dirishani: jua. Huku kwetu watu wanashangaa kwamba mmea umekaa dirisha lilelile mwaka mzima na ghafla umeungua. Jua linahama. Dar es Salaam na Tanga, katikati ya mwaka jua la mchana linapita upande wa kaskazini, na kuelekea Desemba linapita kusini. Dirisha la kusini lililokuwa la kivuli Juni linaweza kupigwa na jua Desemba. Dirisha la mashariki lenye pazia jepesi ndilo ninalolipenda kwa mwaka mzima.

Doa laini, la kahawia, lenye manyoya ya kijivu juu yake ni kuvu ya kijivu, Botrytis. Huanza kwenye maua yaliyokauka ambayo hayakuondolewa, hasa msimu wa masika nyumba ikiwa imefungwa. Kata sehemu zote zilizoguswa, tenganisha vyungu ili majani yasipandane, fungua dirisha.

## Vikonyo vya majani ya chini vinaoza pale vinapogusa ukingo wa chungu

Tazama ukingo. Ukiona gamba jeupe au la manjano, hiyo ni chumvi. Inatokana na mbolea iliyorundikana, au na maji yenyewe. Watu wa pwani wanaotumia maji ya kisima kirefu yenye ladha ya chumvi hukutana na hili kuliko wote, na chungu cha udongo huzidisha kwa sababu kinanyonya chumvi hadi ukingoni.

Osha: pitisha juu ya udongo maji safi, kiasi cha mara tatu ya ujazo wa chungu, polepole, yatoke yote chini. Sugua ukingo kwa brashi. Rudia kila baada ya miezi miwili. Kama maji yako ni ya chumvi, kinga maji ya mvua. Ndoo mbili za masika zinatosha vyungu vichache kwa muda mrefu. Ukingo wa chungu cha udongo ukiuchovya kwenye nta ya mshumaa iliyoyeyuka, kikonyo hakitagusana na chumvi.

Ukiona chembe za rangi ya chungwa kwenye majani machanga ya katikati, hiyo nayo ni mbolea iliyozidi.

## Majani mazuri, maua hakuna

Swali hili naulizwa na watu waliofanikiwa kila kitu kingine, na linawaumiza.

Kwa kawaida ni mwanga hafifu. Kupenda kivuli si kupenda giza. Saa sita mchana, weka kiganja chako juu ya mmea, kama sentimita 30 hivi. Kivuli kikiwa na kingo laini, mwanga unafaa. Kikionekana kikali, umezidi. Kama huoni kivuli chochote, mmea una njaa ya mwanga. Vikonyo vyenyewe pia vinasema: virefu na vinavyonyoosha mikono juu vinatafuta mwanga, vifupi, vilivyokunjama chini na majani kupauka, vinaukimbia. Kwa wanaotumia taa, saa 12 zinatosha. Usiiache ikiwaka usiku kucha, kwani mmea unahitaji giza la saa 8 ili utoe maua.

Cha pili ni mbolea yenye naitrojeni nyingi. Urea, au samadi iliyowekwa kwa mkono wa ukarimu, italeta majani makubwa ya kupendeza na si kingine. Tumia mbolea ya maji yenye uwiano uliokaribiana wa naitrojeni, fosforasi na potasiamu, robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kila wiki mbili, kwenye udongo wenye unyevu tayari.

Cha tatu, hasa pwani, ni joto. Mmea huu unastarehe kati ya nyuzi 18 na 27. Dar ya Januari na Februari inapita hapo kwa urahisi, na maua hupungua au hukoma. Hakuna mbolea itakayolirekebisha hilo. Usiubadilishie chungu wakati huo, punguza mbolea, usogeze kwenye chumba chenye upepo, subiri Juni. Wa Lushoto, Arusha na Limuru wana neema ambayo pengine hawaijui.

Halafu kuna machipukizi ya pembeni. Ukiona mmea una vitovu viwili au vitatu badala ya kimoja, watoto wameanza kumla mama. Waondoe wakiwa wadogo kwa ncha ya penseli. Na chungu kikubwa, kilichotajwa juu, nacho huchelewesha maua: mmea unahangaika kujaza mizizi kwanza.

## Vichomozo vya maua vinakauka kabla ya kufunguka

Kagua kiyoyozi na feni kabla ya kitu kingine. Upepo mkavu ukipiga moja kwa moja, vichomozo hukauka. Sogeza mmea, uweke juu ya sahani yenye kokoto na maji kidogo, kitako cha chungu kisiguse maji.

Baada ya hapo fikiria thripi. Ni mdudu mwembamba kuliko herufi hii "i", na huishi ndani ya ua. Alama yake haina mpinzani: chavua ya manjano imemwagika juu ya petali kama mtu amenyunyiza unga wa manjano. Puliza pumzi ndani ya ua, subiri. Pumzi huwafanya watoke wakikimbia. Ondoa maua yote na vichomozo vyote, hata vya mmea ulio jirani na unaoonekana mzima, na uendelee kuvikata kwa wiki sita hadi nane. Inauma kukata maua mazuri, najua, lakini chavua ndicho chakula chao. Usiwapelekee kwa kuonea huruma ua moja.

## Pamba nyeupe kwenye maungio ya majani

Ni kidung'ata, yuleyule anayesumbua mihogo na mipapai kwa aina zake. Akiwa mmoja mmoja, chukua kijiti chenye pamba kilichochovywa kwenye spiriti ya asilimia 70, mguse kila mmoja. Rudia kila siku tano kwa mwezi, kwa sababu mayai yanabaki. Tafuta njia ya sisimizi. Mara nyingi wanamlinda na kumhamisha kwa ajili ya utamu anaotoa, na bila kuwazuia atarudi.

Kuna ndugu yake wa mizizini, na huyo ni mjanja zaidi. Mmea unadumaa bila sababu, majani yanakosa mng'ao, juu huoni kitu. Ukitoa kwenye chungu, unakuta chembe kama punje za mchele mdogo na vumbi jeupe la nta upande wa ndani wa chungu. Usijaribu kuisafisha mizizi hiyo. Kata kichwa cha mmea, osha shina, ukipande upya kama nilivyoeleza kwenye kuoza. Mizizi na udongo vifunge kwenye mfuko, vitupe nje. Chungu kioshe kwa maji ya moto na sabuni.

## Unga mweupe juu ya majani na maua

Ubwiri unga. Mkulima wa korosho wa Mtwara anaujua kwa jina, ingawa kuvu ya korosho na ya ua hili si moja. Hewa iliyotuama, mimea iliyosongamana, na tofauti kubwa ya joto la mchana na usiku ndivyo vinavyoukaribisha. Ondoa maua yenye unga, pangusa majani kwa kitambaa laini chenye maji ya vuguvugu, yakauke kivulini, na acha nafasi ya kiganja kati ya chungu na chungu.

Naomba hili lisikike vizuri: usichukue salfa ya unga ya kupulizia mikorosho ukaitumia sebuleni. Inaunguza majani haya laini, hasa kwenye joto, na vumbi lake linawasha macho na kifua. Nyumba yenye mtoto au mwenye pumu si mahali pake kabisa.

## Kitovu kimekaza, kigumu, chenye vinyweleo vingi vya kijivu

Majani machanga hayakui, yanajikunja, yanavunjika kama biskuti. Kwanza kumbuka umefanya nini mwezi uliopita. Mbolea iliyozidi au taa iliyo karibu mno huweza kukaza kitovu pia. Osha chumvi, sogeza taa, subiri wiki tatu. Kikianza kufunguka, ilikuwa hiyo.

Kama hakifunguki, na hasa kama mmea wa jirani umeanza vilevile, huenda ni utitiri wa kitovu. Humwoni kwa macho, urefu wake haufiki milimita 0.3. Dawa za kawaida za wadudu hazimgusi, kwa kuwa yeye si mdudu bali ni wa jamaa ya buibui. Ushauri wangu kwa mwenye mimea michache ni mmoja: funga mmea kwenye mfuko na uutupe, pamoja na udongo. Usichukue hata jani la kupanda. Niliwahi kuhurumia mmea mmoja wa maua ya samawati niliopewa na shangazi yangu, nikaurudisha rafu baada ya wiki mbili kwa sababu ulionekana umetulia. Ndani ya miezi miwili nilitupa mimea 11.

## Shina refu tupu, kichwa kidogo juu kama mgomba

Huu si ugonjwa. Majani ya chini yamezeeka na kuondolewa, shingo imebaki. Kama shingo ni ya sentimita mbili tatu, parua ganda lake kwa mgongo wa kisu, kata kitako cha mizizi kwa urefu huohuo, ushushe mmea kwenye chungu kilekile hadi majani ya chini yakae juu tu ya udongo, ujaze udongo mpya. Mizizi itatoka kwenye shingo. Ukifanya hivi kila miezi 6 hadi 12, shingo ndefu hutaiona tena.

Mchanganyiko ninaotumia: sehemu mbili za kokopiti iliyooshwa vizuri, kwa kuwa ya makumbi ya nazi mara nyingi ina chumvi, na sehemu moja ya perlaiti, zile chembe nyeupe nyepesi za kulegeza udongo. Nikikosa perlaiti natumia mkaa uliovunjwavunjwa kama punje za mahindi, uliopepetwa vumbi. Mbolea ya samadi siweki.

## Acha, mwite mtaalamu

Kama dalili zimeenea kwenye mimea mingi kwa wakati mmoja, na hasa kama unauza, usibahatishe. Weka jani na kitovu kwenye mfuko safi, umpelekee afisa ugani wa kata yako. Tanzania, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, ndiyo yenye dhamana ya mambo haya. Kenya ni KEPHIS kwa magonjwa ya mimea na PCPB kwa viuatilifu.

Usinunue kiuatilifu kilichopimwa kwenye chupa ya maji au ya soda, hata kama muuza pembejeo ni jirani. Kiwe na kibandiko chake, kiwe kimesajiliwa, na maelezo yaruhusu matumizi ndani ya nyumba. Dawa ya kunyunyizia nyanya shambani ina nguvu za shamba, na sebule haina upepo wa shamba. Usichanganye dawa mbili. Mtu akipata kizunguzungu, kutapika, kutokwa mate mengi au kubanwa pumzi baada ya kupuliza, mpelekeni kwenye hewa safi na muwahi hospitali mkiwa na chupa yenye kibandiko. Msimtapishe.

Ua lenyewe halina sumu kwa paka wala mbwa, kwa hiyo jani lililotafunwa lisikutie hofu. Kilichopuliziwa juu yake ndicho cha kuhofia.

## Kuanza upya kwa jani

Chagua jani zima la safu ya kati, si la zamani sana wala la katikati. Likate na kikonyo cha sentimita tatu, kwa mshazari, upande uliokatwa uelekee juu. Chomeka kwenye kokopiti na perlaiti zenye unyevu, kwenye kikombe cha plastiki kilichotobolewa, funika. Mizizi hutoka baada ya wiki tatu au nne. Vitoto vya kwanza, vidogo kama masikio ya panya, huchungulia miezi miwili hadi mitatu tangu upande. Vitenganishe vikiwa na majani manne ya upana wa ukucha wa dole gumba. Maua ya kwanza yasubiri hadi miezi 6 au 9 hivi. Aina zenye maua ya mistari kama magurudumu ya upepo hazirudi na mistari yake kwa njia ya jani. Hizo chukua chipukizi la pembeni.

Jani la kuanzia liombe kwa rafiki au linunue kitaluni. Usiling'oe kwenye miamba ya Amani, wala upande wa Kenya kwenye mawe ya Cha Simba kule Kilifi au kilele cha Mbololo kule Taita, ambako ndugu zake wa porini wamebakia sehemu chache. Mimea ya porini ikitolewa kwenye jiwe lake hufa haraka chunguni, na ufa ule kwenye jiwe unabaki mtupu.